Robo Saa ya Baba Chooni

Baba yangu alikuwa kinyozi, na kwa miaka yote niliyomjua alikwenda chooni saa kumi na mbili na robo asubuhi. Si na dakika kumi, si na ishirini. Uani kwetu kulikuwa na choo kimoja chenye mlango wa bati, tukikitumia sisi pamoja na mama wa chumba cha pili na wanawe, na lile bati lilipogonga kila mtu alijua siku imeanza. Mama aliwasha jiko. Mama wa chumba cha pili aliwaamsha wanawe kwa kuwavuta miguu. Baba alikaa humo robo saa kamili, tukasikia kopo likigonga ndoo, maji yakimwagika, kisha akatoka akipiga mluzi kama mtu aliyepandishwa cheo. Majirani walimwita Saa ya Ukuta, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake.

Msinicheke kwa kuanza habari za mzazi wangu chooni. Najua si adabu. Lakini adabu hiyo ndiyo iliyotufikisha hapa tulipo, na mimi nimeshachoka nayo.

Saluni yetu ilikuwa chumba kimoja chenye viti viwili vya kuzunguka. Kiti chake kilikuwa karibu na mlango, changu kwa ndani, jirani na sinki. Alinifundisha kazi mwenyewe. Mwanzoni watu walishangaa mwanamke kushika mashine, halafu wakazoea, kama wanavyozoea kila kitu. Na kila mteja aliyekaa kwenye kiti cha baba alinyolewa na kuhubiriwa kwa pamoja.

"Mdomo haunuki wenyewe," alisema huku akimfunga mtu kitambaa shingoni. "Watu mnasugua meno mpaka fizi zinatoka damu, mnatafuna peremende kutwa, kumbe taka ziko chini. Tumbo halijafunguka siku tatu, utanukiaje? Kunywa maji ya uvuguvugu, bilauri mbili, kabla ya chai. Kula papai. Kula mboga za majani. Na tumbo likikuita, itika. Usiliambie ngoja, maana siku moja litakuambia ngoja wewe."

Wateja walicheka, lakini walikunywa hayo maji. Baadaye daktari aliniambia kwamba nusu ya mahubiri yale ni kweli na nusu ni ya kinyozi, maana midomo mingi inanuka kwa sababu ya meno na ulimi tu, tumbo halihusiki. Baba asingekubali. Kwake mwili ulikuwa bomba moja, na bomba likiziba chini utasikia juu.

Alikuwa na sheria moja ya kazi. Mwezi wangu wa kwanza nilimwambia mteja mmoja, kwa nia njema kabisa, kwamba mdomo wake unanuka kama maji ya chombo cha maua. Yule bwana alisimama na kichwa nusu kimenyolewa, akavaa kofia, akaondoka. Hatukumwona tena. Baba hakunigombeza. Alifagia nywele, akaziweka kwenye debe, ndipo akasema, "Pua ya kinyozi haina mdomo. Utanusa mengi mama, utayameza yote." Na mimi, ambaye nyumbani waliniita Wembe kwa sababu ya ulimi wangu, niliishika sheria ile. Tuliishika sote vizuri mno.

Mwaka ule wateja walianza kuhamia kwangu.

Kwanza alikuwa mmoja, fundi seremala aliyenyolewa na baba tangu hajaoa. Aliingia, baba akasimama, akakung'uta kitambaa, akasema karibu. Seremala akatazama saa yake, akasema, "Leo namsubiri binti, mzee, tuone kama umemfundisha." Tukacheka. Juma lililofuata wakawa watatu. Baada ya miezi miwili benchi langu lilikuwa limejaa, na baba amekaa kwenye kiti chake mwenyewe akisoma gazeti la juzi, akilikunja na kulikunjua.

Nikavimba kichwa. Sina njia nyingine ya kulisema. Nilijua mkono wangu ni mzuri, nikaona dunia nayo imejua. Nilimtazama baba kwenye kioo nikasema moyoni, zama zako zimepita mzee wangu, pumzika. Mungu anisamehe.

Mfukoni mwa aproni yake kulikuwa na peremende. Baadaye kukawa na karafuu, akiitafuna upande mmoja mpaka shavu linavimba. Halafu tangawizi mbichi. Wakati mwingine, akidhani simwoni, alikunja kiganja mbele ya mdomo, akapuliza, akanusa, kisha akajitazama kwenye kioo kwa muda mrefu. Nilimwona kwa jicho la pembe. Nikaona ni uzee tu, wazee wana mambo yao.

Mchana mmoja mashine yangu ilikwama meno. Baba akaja nyuma yangu, akainama juu ya bega langu kuitia mafuta, akasema, "Unaibana sana hii skrubu." Maneno hayo manne tu.

Mimi nafanya kazi usoni kwa watu. Najua mdomo wa kitunguu, mdomo wa sigara, mdomo wa jino bovu, mdomo wa mtu ambaye hajala tangu jana. Hii haikuwa harufu ya mdomo. Ilitoka mbali. Ilikuwa kama mtu amefunua mfuniko wa shimo la maji machafu akaufunika haraka kabla hujageuka. Nilijua pale pale, kabla akili haijatunga sababu, kwamba kuna jambo baya limeingia ndani ya baba yangu na limekaa. Nikageuka nikatazama benchi langu lililojaa, nyuso zote zimeinama chini, nikaelewa kwa nini wamejaa kwangu.

Nikasema, "Ahsante, baba." Basi. Nikaendelea kunyoa.

Nyumbani nako kulikuwa na yake. Jumapili moja niliingia chumbani kwao kuchukua pasi, nikaona mto wa mama uko upande wa miguu ya baba. Walikuwa wanalala mzungu wa nne, kichwa cha huyu miguuni kwa yule, watu waliolala uso kwa uso miaka thelathini. Mama akaniona ninavyotazama.

"Ni miguu yangu hii," akasema. "Inataka ukuta, ule wa ubaridi."

"Ndiyo, mama."

Tukaachana hapo. Tulielewana kwa macho, mama na mwana, waongo wawili, na baba uani akipiga mluzi.

Aliyevunja ukimya ni Mwalimu. Huyu alikuwa mwalimu mstaafu, rafiki wa baba, na ndiye mteja pekee aliyebaki kwenye kile kiti cha mlangoni. Alikuja kila Jumanne kunyolewa ndevu kwa wembe. Siku hiyo baba alitoka kwenda kununua spiriti, akamwacha Mwalimu na kitambaa shingoni. Mwalimu alingoja mpaka kivuli cha baba kikapita dirishani.

"Binti," akasema, "nimekaa darasani miaka thelathini na tano. Nimenusa mengi. Baba yako kuna kitu kinaoza ndani yake."

Nikamwambia baba anatafuna karafuu siku hizi.

"Sizungumzii karafuu! Sisemi ananuka. Kunuka hata mimi nanuka. Nasema kinaoza. Mpelekeni hospitali."

"Mwambie wewe, Mwalimu. Wewe ni mwenzake. Mimi mtoto nitaanzia wapi?"

Akatoa mkono chini ya kitambaa, akakuna shavu. "Nitamwambiaje mtu ambaye ameshika wembe shingoni mwangu miaka ishirini hajanikata hata mara moja?" Kisha akasema kwa aibu, "Akininyoa nabana pumzi. Hujaona siku hizi siongei?"

Kweli, nilikuwa nimeona. Nilidhani wamenuniana.

Jioni ile nilimwita mama jikoni, tukapanga. Na mpango wetu ulikuwa wa watu waoga. Tulimwambia baba kuwa shavu lake limevimba, bila shaka ni jino, twende zahanati akaangaliwe. Alikubali haraka kuliko nilivyotegemea. Tulimsindikiza sote wawili, mmoja kila upande, kama askari.

Daktari wa zahanati alikuwa kijana mwenye haraka lakini si mbaya. Alimwambia baba afungue mdomo, akarudisha kichwa nyuma kidogo, akaandika. Akauliza habari za meno, maji, sigara. Kisha akauliza, "Na tumbo je, mzee? Choo unapata?"

Baba alifumbua mdomo kujibu. Mama akamwahi. Alicheka, mama yangu, alicheka kwa fahari ya mke aliyeulizwa kama mumewe anajua kusoma. "Choo! Daktari, huyu mtaa mzima unaamkia kwake. Saa kumi na mbili na robo kila siku ya Mungu. Hakosi."

"Hata leo," nikaongeza mimi. "Nimesikia mwenyewe."

Baba akatazama viatu vyake. Nilidhani anaona haya, kuzungumziwa choo chake mbele ya kijana. Daktari akapiga mstari kwenye karatasi, akarudi kwenye meno, na meno huwa hayakosi kosa. Akapata gego moja lililotoboka. Likang'olewa Alhamisi. Baba akapewa chupa ya dawa ya kusukutua, ya kijani, na kwa muda wa wiki mbili saluni yetu ilinukia dawa hiyo. Seremala alirudi kwenye kiti cha baba mara moja. Mara moja tu.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio kwa yule anayetaka kuyaona. Mkanda wa baba ulikuwa na matundu mawili mapya, ameyatoboa kwa msumari. Uso ulikonda, lakini tumbo lilisimama gumu chini ya shati. Mama akimpakulia chakula, baba alisema ameshakula kazini. Mimi niliyekuwa naye kazini kutwa nilijua hajatia kitu mdomoni ila chai ya rangi. Mama akaniangalia. Nikasema ndiyo, alikula. Kwa nini nilisema hivyo? Kwa sababu baba alikuwa ananitazama na yeye.

Lakini kila asubuhi bati liligonga. Saa kumi na mbili na robo. Kopo, ndoo, maji, mluzi. Na kila nilipoanza kuogopa, nilijiambia mtu anayekwenda choo hivyo hawezi kuwa mgonjwa. Ndivyo alivyonifundisha mwenyewe.

Halafu ikaja asubuhi ya upepo. Nilikuwa bombani uani nikipiga mswaki. Komeo la mlango wa choo lilikuwa limeng'oka skrubu ya juu siku nyingi, likishikiliwa na ya chini tu. Upepo ukapiga, bati likafunguka lote, likagonga ukuta na kubaki hapo.

Baba alikuwa amekaa juu ya ndoo tupu iliyopinduliwa. Amevaa nguo zake zote. Shati limechomekwa, mkanda umefungwa, magoti yamebanana kama ya mtu anayesubiri kuitwa ndani ya ofisi. Mkono mmoja ameshika saa yake ya mkononi, ameivua, anaitazama. Mkono wa pili ameshika kopo.

Tukatazamana. Povu la dawa ya meno lilinidondoka kifuani. Akaweka kidole mdomoni, kuniashiria ninyamaze. Kisha, akiendelea kunitazama, akachota maji kwenye ndoo nyingine, akalinyanyua kopo juu, akayamwaga ndani ya tundu polepole ili yasikike. Jikoni mama aliwasha jiko. Baba akasimama, akajivuta shati, akatoka mbele yangu akipiga mluzi.

Sijawahi kuogopa hivyo, na nilikuwa nimesimama kwenye mwanga, nyumbani kwetu, na kikombe cha maji mkononi.

Saluni nilifunga mlango kabla mteja wa kwanza hajafika.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu lini nini?"

"Baba!"

Alikuwa anafuta kioo ambacho kilikuwa safi. "Linafunguka siku moja moja. Kidogo. Sasa hivi ni siku ya sita."

"Na kila asubuhi unaingia mle kufanya nini?"

"Si unajua. Nisipoingia mtaanza kuulizana."

Nikamwambia nakwenda kumwambia mama sasa hivi. Akaniita kwa jina la mama yake, jina ambalo ananiita akiwa amezidiwa tu. "Ukimwambia mama yako presha itapanda, utamzika yeye kwanza. Nimepata dawa ya kulainisha. Nipe mpaka mwisho wa wiki ijayo. Nikiwa bado hivi, nitakwenda hospitali kwa miguu yangu mwenyewe."

Nikakubali.

Ningependa niwaambie nilibishana. Wembe mzima, ninayewajibu wateja mpaka wanaomba radhi kwa kuja kunyolewa, nilikubali kwa neno moja. Nikakaa na siri ile siku nane. Na hizo siku nane ndizo mbaya kuliko zote, mbaya kuliko hospitali, kwa sababu kila asubuhi nililala macho nikisubiri. Bati linagonga. Najua amekaa juu ya ndoo. Kopo linagonga. Najua anaigiza. Watoto wa chumba cha pili wanalia wakivutwa miguu, mama anapuliza moto, nyumba yote inaamka kwa uongo, na mimi peke yangu najua, nimejifunika shuka mpaka kichwani. Mara mbili nilikaa kitandani nimefungua mdomo wa kumwita mama. Mara mbili nikaufunga.

Siku ya nane ilikuwa Jumanne. Mwalimu alikuja kama kawaida. Baba alimpaka povu, akanoa wembe kwenye mkanda wa ngozi, akaanza shavu la kulia. Saluni ilikuwa kimya. Mwalimu kabana pumzi. Mimi nilikuwa nasuuza brashi kwenye sinki, nikatazama kioo, nikaona mkono wa baba umesimama. Wembe ulikuwa chini ya kidevu cha Mwalimu, pale kooni, na haukwenda mbele wala haukurudi. Jasho lilikuwa linamtoka baba kwenye nyusi likidondokea kwenye povu. Uso wake ulikuwa rangi ya majivu. Mwalimu alifumbua macho, akayaona yote hayo kwenye kioo, na hakutikisika. Alimwamini mpaka dakika hiyo.

"Baba," nikasema polepole, "toa mkono."

Akautoa. Akaukunja wembe, akauweka rafuni mahali pake, makali ndani, kama alivyonifundisha. Ndipo akainama kwenye sinki langu, akatapika. Kilichotoka sikitaji. Kilipaswa kutoka kwingine, na sote watatu tulijua hivyo kwa harufu yake. Mwalimu alirukia pale na povu lake nusu uso, akamkumbatia baba kwa nyuma asianguke, shavu kwa shavu, akivuta pumzi zote kama mtu mwingine yeyote, akipiga kelele, "Gari! Binti, tafuta gari!"

Walimpasua jioni ile ile. Daktari wa upasuaji, mwanamke mdogo kuliko mimi, alitukalisha kwenye benchi la korido akatueleza kwa maneno rahisi. Utumbo ulikuwa umezibwa na uvimbe. Ni saratani. Wameukata, wamemtoboa ubavuni na kumwekea mfuko, haja itakuwa inatokea hapo. Lakini imeshafika kwenye ini.

"Alianza lini kukosa choo?" akauliza.

Mama akasema kwamba hajawahi kukosa. Bado alikuwa anasema hivyo, maskini, kwenye korido. Ikabidi nimwambie pale pale, mbele ya daktari, habari za ndoo. Hakulia. Aliniuliza nimejua tangu lini. Nikamwambia. Akahamia mwisho wa benchi.

"Mngemleta miezi mitatu minne nyuma tungekuwa na mengi zaidi ya kufanya," daktari akasema. Hakusema kwa ubaya. Nikahesabu. Miezi mitatu nyuma tulikuwa zahanati, mimi na mama, tunaapa.

Mama wa chumba cha pili alikuja na chupa ya uji, akakaa, akatikisa kichwa, akasema, "Ndiyo hivyo. Mficha maradhi, kilio humuumbua." Nilitamani kumpiga na ile chupa yake.

Siku ya sita baada ya upasuaji baba alikuwa anaweza kukaa, ameegemea mito miwili. Ilikuwa mchana, wodi imejaa jua na watu waliokuja kuona wagonjwa wao. Niliinama kumfuta midomo kwa pamba yenye maji, akasema kitu, na pumzi yake ikanipiga usoni. Haikunuka chochote. Ilikuwa pumzi ya kawaida ya mtu. Nilibaki nimeinama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika, nikivuta pumzi ya baba yangu bila woga kwa mara ya kwanza mwaka ule, na machozi yakanitoka kwa sababu nilijua imekuja kuwa safi wakati haina faida tena.

Daktari alikuja na faili, akavuta kiti. "Mzee, nina swali moja. Kwenye ukoo wenu kuna mtu aliyewahi kuugua hivi?"

"Hakuna," mama akasema.

"Wapo," baba akasema.

Mama akageuka.

"Baba yangu," baba akaendelea. "Tumbo lilifunga, mdomo ukaharibika, msimu haukuisha tukamzika. Na dada yangu."

"Wifi alikufa kwa homa!"

"Tuliwaambia ni homa."

Mama alisimama, akaenda dirishani, akatupa kisogo. Mimi niliganda na pamba mkononi. Papai, maji ya uvuguvugu, saa kumi na mbili na robo, mahubiri yote yale kwa mafundi na madereva miaka nenda miaka rudi. Hakuwa anafundisha mtu. Alikuwa anajikinga. Kila asubuhi alikuwa anaingia mle kuangalia kama zamu yake imefika.

"Kwa hiyo ulijua," nikasema.

"Tangu nilipoona damu. Mwaka jana."

"Ukajua, ukaenda kukaa juu ya ndoo! Ukatuacha tunakung'oa jino! Afe na tai shingoni, mradi majirani wasijue!" Nilikuwa napiga kelele. Wagonjwa wa vitanda vya jirani waliacha kula. Nilikuwa na hasira ambayo sijui hata sasa niiweke wapi, ningemtikisa kama asingekuwa na mishono.

Baba alingoja nimalize. "Baba yangu alipojulikana anaumwa," akasema, "hakuna aliyemtania tena. Hata kumkosoa walikoma. Nilimnyoa mimi siku za mwisho, nikamkata hapa sikioni, akaniambia ahsante. Ahsante, mwanangu. Mtu aliyekuwa akinizaba kofi kwa unywele mmoja." Akapumua. "Nilitaka nikae kidogo na watu wazima wenzangu. Mtu aniambie, mzee umezeeka, namsubiri binti. Hilo liliniuma, lakini ni maneno unayomwambia mtu mzima."

Daktari alisubiri kwa heshima, kisha akageuza ukurasa, akanigeukia mimi.

"Na wewe dada, hali ya tumbo lako ikoje? Choo unapata vizuri?"

"Vizuri tu, daktari," nikasema. "Kila siku."

Jibu lilitoka laini, na tabasamu juu yake. Kalamu ya daktari ikaanza kuandika. Ndipo nikahisi mkono wa baba, ule wenye sindano ya dripu, umenishika kifundo cha mkono. Haukuwa na nguvu, lakini ulikuwa umenishika.

"Huo uongo naujua," akasema. "Ni wangu. Mwambie kweli."

Nimewasimulia uongo wa kila mtu katika nyumba yetu isipokuwa wangu. Nilitazama kalamu. Nilitazama kisogo cha mama pale dirishani, na kitenge kilichomteleza begani.

"Leo ni siku ya tano," nikasema, kwa sauti ambayo mimi mwenyewe niliisikia kwa shida. "Na damu nimeiona mara mbili." Baba akakaza mkono. "Mara nne," nikasema.

Daktari akaiweka kalamu chini.

Baba alikuwa amefumba macho. "Sema kwa nguvu," akaniambia. "Mama yako asikie."

Nikarudia.